Pointi za Kumleta Shangazi

Bagamoyo, 8 Januari 2024

Shangazi Hafidha,

Shikamoo. Nakuona kabisa unavyoitikia huku umekunja uso, kwa kuwa miezi mitatu sijaandika. Niwie radhi. Msimu wa harusi ulinibana, na simu wewe mwenyewe uliikataza, ukasema ukizungumza nyumba nzima ya huko inatega sikio. Basi nimerudi kwenye karatasi. Abdulwahab, mwana wa jirani yetu, anakuja tena Maskati kununua vipuri vya magari, naye atakuletea hii pamoja na vileja na pilipili ya kusaga.

Huku hatujambo kiasi. Tabia wa nyumba ya tatu amejifungua mtoto wa kike na amempa jina lako, jambo lililomfurahisha Baba kuliko sikukuu. Biashara yangu inakwenda. Maturubai ninayo ya kutosha harusi mbili kwa siku moja, na viti, na masufuria makubwa, na kirikuu cha kubebea. Kuanzia Kaole mpaka Kerege hakuna shughuli isiyopigiwa hodi na vyombo vyangu. Najisifu, ndiyo, nani mwingine anifanyie kazi hiyo?

Sasa la Baba. Ni macho. Nilimpeleka kwa daktari Dar, akasema ni presha ya macho, imekwisha kula sehemu kubwa, na kilichopotea hakirudi. Matone anayotia yanachelewesha tu. Nikamuuliza yanachelewesha mpaka lini, akasema mwaka, labda na kidogo. Tukiwa njiani kurudi, tulipoipita Kerege, Baba akasema, "Ningependa kumwona Hafidha kabla." Hakumaliza. Huyu ndugu yako hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Kwa hiyo nimeamua, Shangazi: utakuja, na utakuja yeye akiwa bado anaona.

Najua pesa hupokei, za mwaka juzi ulizirudisha kama zilizoungua. Nimetafuta njia nyingine. Benki zina kadi za mkopo za wafanyabiashara: ukilipia matumizi ya biashara kwa kadi, unapata pointi, na pointi zikifika kiasi zinakuwa tiketi ya ndege. Mimi kila wiki nanunua dizeli, kila mwaka nalipa bima ya gari, na maturubai naagiza nje. Pesa hizo zinatoka tu, kadi iwepo isiwepo. Tiketi yako itatoka kwenye dizeli, huna haja ya kumshukuru mtu.

Afisa mmoja wa benki, Sophia, alinikalisha kitako akanionyesha mbili. Ya kwanza inatoa pointi nyingi, na ukitumia sana miezi mitatu ya mwanzo wanakumwagia nyingine za kukukaribisha, lakini ukichelewa kulipa wanakutoza riba. Ya pili ni ya dirisha lao la Kiislamu. Haina riba, ina ada ya mwezi isiyobadilika, ila pointi zake ni za kudonoa. Mimi naelekea kwenye ya kwanza kwa sababu muda hatuna.

Nitumie namba ya pasi yako ili wakati ukifika nisihangaike. Mtaani wameshaanza kuulizana. Hawajasahau ulivyokuja mara ya mwisho, miaka kumi na minne iliyopita, na masanduku kumi na moja, mpaka mwadhini akapata saa ya mkononi. Bi Mwaija wa Kaole anasema safari hii anataka blanketi lenye simba.

Barua zako namsomea Baba kwa sauti, mara mbili mbili. Andika kwa marefu.

Mwanao,
Mardhiya


Maskati, 21 Februari 2024

Kwa Mardhiya, binti wa ndugu yangu,

Marahaba, tena marahaba. Namshukuru Mola nimeamka, nimeswali, na barua yako iko mbele yangu. Abdulwahab aliichelewesha wiki mbili, eti alikuwa anatafuta gia boksi. Vileja vimefika vimekatika lakini ladha haikukatika. Huyo Hafidha mdogo mbusu, na mamaye mwambie jina hilo lina ukaidi ndani yake, ajiandae.

Habari ya macho ya Msabaha imenikaa vibaya kifuani. Kwa kuwa unamsomea, nitasema naye mwenyewe. Msabaha, tia dawa kwa wakati wake. Usisome gazeti kwa mwanga wa simu. Usibishane na daktari kama ulivyokuwa ukibishana na mwalimu wa chuo cha Kurani, maana mwalimu alikuwa na bakora tu, huyu ana macho yako.

Sasa Mardhiya. Kadi ya riba siitaki. Utaniambia, Shangazi, nitalipa yote kabla ya tarehe na riba haitanigusa. Nakujua, utalipa. Lakini sharti lenyewe utakuwa umeshalitia saini, umekubali kwa mkono wako kwamba siku ukichelewa watoze. Mimi nipande ndege juu ya sharti hilo, nije kumtazama ndugu yangu usoni? Sipandi. Hata unifunge kamba.

Hiyo nyingine naisikia ina uungwana. Ila niulizie jambo moja: inatoa kilo ngapi za mizigo? Tiketi si kitu kama huna kilo. Mtu wa Arabuni hawezi kurudi kwao akiwa amebeba mkoba kama anakwenda sokoni, unaelewa mwenyewe watu wetu walivyo. Umeniandikia habari ya Bi Mwaija na blanketi lake, na nyuma ya Bi Mwaija wako arobaini. Kaniulizie kilo kwanza.

Magoti yangu yananisumbua baridi hii. Nyumba ni nzima, wote wazima.

Shangazi yako,
Hafidha


Bagamoyo, 22 Aprili 2024

Shangazi Hafidha,

Shikamoo, na pokea mkono wa Idi iliyopita. Tulikula biriani chini ya turubai langu mwenyewe kwa sababu mvua haikutupa nafasi ya kutoka. Masika ya safari hii yametuonea. Shughuli mbili ziliahirishwa, na maturubai matatu yameota ukungu, nayasugua kwa limau na chumvi kila asubuhi. Hafidha mdogo ameanza kucheka na watu.

Nilimsomea Baba barua yako. Kwenye bakora alicheka mpaka akafuta machozi. Kwenye riba akagonga meza, akasema, "Nilikwambia." Hakuwa ameniambia kitu, lakini nimemwachia. Nikaenda Dar nikamwambia Sophia nataka ya dirisha la Kiislamu. Akaniuliza kama nina hakika, maana kwa pointi za ile ya kwanza ningepata tiketi baada ya miezi mitano, na kwa hii nikikaza sana ni mwisho wa mwaka. Nikamwambia mwenye safari amekataa, na mwenye safari ndiye mkubwa. Nikatoa leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi na taarifa ya benki ya mwaka mzima, nikatia saini. Kadi ninayo mkobani.

Shangazi, nilidhani kadi ni kuchomeka tu. Wiki ya kwanza nilikwenda Kariakoo kununua viti, nikajivuna nikatoa kadi. Muuza viti akaniambia ukilipa kwa kadi anaongeza asilimia tatu. Nikapiga hesabu pale pale, nikaona pointi nitakazopata hazifikii hata nusu ya alichoongeza. Nikairudisha mkobani, nikampa taslimu. Sasa najua mahali pake. Nalipia dizeli kwenye sheli ya Kerege, bei yao ni ile ile. Bima nalipia kwa kadi. Maturubai ya nje nalipia kwa kadi, maana hata nikituma kwa benki wananikata zaidi. Na vijana wangu wakilala Chalinze kwenye shughuli, gesti inayotupokea ina mashine. Kwa wengine wote, taslimu. Kununua kitu nisichokihitaji ili nipate pointi, hilo nimejikataza kabisa.

Kuhusu kilo nimeuliza. Kadi hii imefungamana na shirika moja la ndege linalotoka Maskati moja kwa moja. Tiketi ina masanduku mawili, na mwenye kadi anampatia msafiri wake sanduku la tatu bure. Ukijumlisha ni kilo sitini na tisa. Bi Mwaija na simba wake wanaenea.

Baba anawatambua watu kwa sauti wakiwa kivulini. Kwenye jua bado anaona nyuso. Namba ya pasi umesahau kuiandika.

Mwanao,
Mardhiya


Maskati, 30 Juni 2024

Kwa Mardhiya,

Marahaba, mwanangu. Joto la huku sasa ni la kuoka mkate. Mchana hatutoki, tunafunga madirisha na kumwomba Mola. Idi ya kuchinja imepita salama. Nyama niliipata, shukrani kwake.

Umenipendeza kwa kuacha ile ya riba. Na ulivyomkatalia muuza viti, nimeisoma mara tatu. Bibi yako mzaa baba alikuwa hivyo hivyo, akiongezewa senti anarudisha kitambaa. Endelea hivyo, fedha ya biashara isiende kwa kitu cha kujionyesha.

Msabaha, unaniambia kwa mdomo wa mwanao kwamba kivulini huoni. Rangi je, bado unazipambanua? Nijibu. Nakumbuka ulivyokuwa ukinichagulia kanga kwa kuwa mimi nilikuwa sina macho ya rangi. Ulikuwa mdogo wangu lakini dukani nilikufuata wewe.

Mardhiya, kilo sitini na tisa hazitoshi. Hesabu mwenyewe. Watu wa Kaole peke yao ni sanduku zima. Kuna wajukuu wa shemeji zangu, kuna masomo zangu, rafiki zangu wa ujanani, walio hai, kuna walionizikia mama yangu nikiwa huku sipo. Hao nao wapewe nini, salamu? Ukija mara moja baada ya miaka kumi na minne unafungua masanduku sebuleni, mlango wazi, na kila anayeingia anatoka na kitu. Ndivyo tulivyofanyiana siku zote. Mimi sitakuwa wa kwanza kuvunja.

Kwa hiyo tusikimbilie pasi. Pasi ipo.

Shangazi yako,
Hafidha


Bagamoyo, 25 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku kwema, kusi linavuma, mavuno ya mpunga si haba, na Hafidha mdogo ameota jino, akaanza kazi kwa kuniuma mimi.

Baba anajibu: rangi nyekundu na manjano anaziona, bluu na kijani zimekuwa kitu kimoja. Jicho la kushoto limezimika kabisa mwezi uliopita. Lilizima kimya kimya. Alikuwa anakunywa uji, akaniambia, "Mardhiya, hili limekwisha," akaendelea kunywa. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kati ya masufuria yangu. Simwambii, nakwambia wewe, na hapa nitapapita nikimsomea barua hii.

Sasa sikia kazi niliyofanya. Nilipata tenda ya semina ya siku tano katika hoteli moja ya pwani, watu mia tatu: maturubai, viti, vitambaa, na jenereta mbili zisizozimwa. Dizeli yake peke yake ilinipandisha kama ngazi. Maturubai mapya nikaagiza mwezi huo huo badala ya Desemba, kwa kuwa nilikuwa nayahitaji, siyo kwa ajili ya pointi. Kila tarehe ya kulipa ikifika, deni nalimaliza lote, sibakizi hata senti ya kesho. Sophia akanipigia, akaniambia kwa matumizi hayo wamenipandisha daraja. Nikamuuliza daraja linanipa nini. Akaanza kunisomea: ukumbi wa kupumzika uwanjani, juisi, viti vya mbele. Nikamkatiza nikamuuliza, kilo? Akacheka, akasema hajawahi kupata mteja anayeuliza kilo kabla ya juisi. Daraja linatoa sanduku la nne.

Kilo tisini na mbili, Shangazi. Siombi tena, nakwambia. Pointi zimebaki kidogo tu, Oktoba zinatimia. Unitumie namba ya pasi, na safari hii usiniambie ipo. Najua ipo. Naitaka hapa, kwenye karatasi.

Nitakuwa mkweli, kuna siku nakukasirikia. Nakaa kwenye foleni ya dizeli Kerege na jua la saa saba, najiuliza huyu mtu anataka kuja au hataki. Kisha namwona Baba amekaa mlangoni, ameelekeza jicho moja njiani, hasira inageuka kitu kingine.

Mwanao,
Mardhiya


Maskati, 12 Oktoba 2024

Kwa Mardhiya,

Marahaba. Mimi mzima.

Usijichoshe tena. Hata wakikupa kilo mia mbili hazitanitosha, vitu vyangu ni vingi. Pointi hizo mpeleke baba yako India kwa mabingwa. Hiyo ndiyo safari yenye faida, siyo ya kumbeba mwanamke mzee wa magoti mabovu.

Mwambie Msabaha nampenda. Mwambie hivyo hivyo, kwa neno hilo, najua sikuwahi kumwambia.

Hafidha


Bagamoyo, 20 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sina habari za mtaa leo. Hii ni barua ya kwanza ambayo Baba hajui kama naiandika, na jibu lake sitamsomea. Andika lolote.

Nianze na India. Nilimuuliza daktari, akaniambia angekuwa ananiibia akinipeleka. Kilichokufa jichoni hakifufuki India wala kwingine. Kwa hiyo safari yenye faida ni moja tu.

Abdulwahab amerudi. Alinikabidhi barua yako, akasimama pale mlangoni kama mtu anayedaiwa. Nikamuuliza, Shangazi anaendeleaje. Akasema, muulize mwenyewe. Nikamwambia barua zake zote ni kilo. Akageuka kutaka kuondoka. Ulimwapisha, nimeelewa, na hakuvunja kiapo. Ila alisema jambo moja, nadhani hakujua uzito wake. Alisema, "Alinikaribisha chai, Da Mardhiya. Yeye hakunywa, alisubiri nimalize. Kikombe kilikuwa kimoja."

Nilikaa chini. Mumeo Abdulazizi alipofariki, miaka sita iliyopita, tulimsomea khitma hapa nyumbani, na sote tuliamini umebaki kwenye ile nyumba kubwa ya ghorofa na watoto wake. Nikazitoa barua zako nikazisoma upya. Nyumba nzima, wote wazima, na hakuna mahali hata pamoja ulipotaja jina la mtu. Na mimi kila nikiongeza sanduku, nilikuwa nakuongezea kitu cha kujaza usichokuwa nacho. Nilikuandikia habari za masanduku kumi na moja na saa ya mwadhini, nikidhani nakuchangamsha. Nisamehe, Shangazi. Nimeumia.

Sasa sikiliza mpango. Pointi zimetimia. Nimekwenda Kariakoo nikanunua masanduku manne, na yote nimeyajaza: blanketi nene, udi, uturi, vitambaa vya baibui, maziwa ya unga, halwa ya kopo. Kila kitu kilichoandikwa Kiarabu, wanauza pale pale mtaa wa pili. Blanketi la Bi Mwaija lina simba wawili. Wewe utashuka na mkoba wako tu. Mimi nitakuwa uwanjani na kirikuu, masanduku yako nyuma, tutaingia Bagamoyo saa kumi, utayafungua sebuleni mlango ukiwa wazi. Nani atajua? Abdulwahab kiapo anakiweza, tumeshamwona.

Baba sasa anaona kitu kikiwa mbele yake, karibu, kwenye jua kali. Jioni kwake ni usiku. Daktari hasemi tena mwaka. Anasema miezi, na hataji mingapi.

Nipe namba.

Mardhiya


Maskati, 15 Desemba 2024

Mardhiya, mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa bila kuijibu. Nilikasirika. Nilimkasirikia Abdulwahab, nikakukasirikia wewe na kirikuu chako, nikakikasirikia kikombe. Kisha hasira ikaisha nikabaki mimi tu chumbani, nikaona upuuzi wangu.

Nitakueleza, na barua hii msomee Msabaha, yote, usipite mahali. Hakuna aliyenidhulumu, sitaki mtu anung'unikie watoto wa Abdulazizi. Alipofariki mirathi iligawanywa kwa sheria, nikapata thumuni yangu, moja ya nane, kama mjane. Nyumba ikauzwa, kila mmoja akashika njia yake. Thumuni iliingia kwenye magoti, hospitali moja baada ya nyingine, ikaisha. Sasa nina chumba nyuma ya duka la fundi cherehani, nafuma kofia kwa mkono na fundi ananiuzia. Nakula, nalala, sidaiwi. Nyumba inayotega sikio kwenye simu haipo. Nilikataza simu kwa sababu mngesikia jinsi kulivyo kimya.

Kilo nilikuuliza ili ushindwe. Nilijua hakuna kadi duniani itakayomaliza maneno ya Bagamoyo, kwa hiyo nikadhani nimejikinga. Kumbe nilimpata mtu anayepanda na sanduku moja moja mpaka manne. Ulipoandika tisini na mbili niliogopa, wallahi. Nilijua utafika.

Nilikuwa naona haya, Mardhiya. Mtu akitoka Arabuni mikono mitupu, tunasema nini sisi? Tunasema ameshindwa maisha. Nilisema hivyo mimi mwenyewe kuhusu wengine, nikiwa na masanduku yangu kumi na moja, sebuleni, mbele ya watu. Sikutaka kusemwa. Na kwa kutotaka kusemwa nimemwacha ndugu yangu akae mlangoni na jicho moja.

Basi mpango wako siutaki. Umefikiri kwa mapenzi, lakini ni uongo, na mimi nimeshachoka kuulea wa kwangu. Ulikataa riba kwa kuwa nilikwambia sitaki nimtazame Msabaha usoni juu ya kitu kichafu. Nitamtazamaje juu ya masanduku ya Kariakoo? Yarudishe. Wasipopokea, uza. Blanketi la simba muuzie Bi Mwaija mwenyewe, kwa bei ya mtaa, na usimpunguzie.

Nakuja na mkoba mmoja. Ndani mna nguo zangu, mswala, na kofia moja nyeupe niliyomfumia ndugu yangu kwa uzi mwekundu na manjano, rangi anazoziona. Watakaouliza nimeleta nini watajibiwa na mimi mwenyewe, mlango ukiwa wazi vile vile. Wanaotaka kusema waseme, nitakuwa nimekaa hapo hapo nikiwasikiliza.

Namba ya pasi iko nyuma ya karatasi hii, nimeiandika kwa herufi kubwa. Kata tiketi ya mapema kuliko zote. Usichukue ndege ya usiku hata kama pointi zake ni chache. Chukua inayotua mchana, jua likiwa kali, umlete Msabaha uwanjani umsimamishe nje penye mwanga. Asihangaike kunitafuta. Nitamfuata mimi mpaka niwe mbele yake, nisimame hapo hadi anione.

Hafidha